Denmark: Upepo wa Bahari na Mkono wa Serikali

Katika semina ya sera za umma, mwanafunzi mmoja alieleza kwa kujiamini kwamba umeme wa upepo wa baharini ni zao la soko huria: kampuni za Ulaya ziliona faida, zikasimika mitambo, serikali zikafuata nyuma. Nilimwomba aanze hesabu yake mwaka 1973. Dai lake nimelisikia pia kwa maofisa wa serikali wenye vyeo vikubwa, kwa hiyo naona inafaa nilijibu hapa kwa urefu kidogo.

Mwaka huo, bei ya mafuta ilipopanda ghafla, Denmark ilitegemea mafuta kutoka nje kwa takriban asilimia 90 ya nishati yake. Magari yalipigwa marufuku barabarani siku za Jumapili. Mwaka 1976 serikali ikaunda wakala wa nishati na kutoa mpango wa kwanza wa taifa, ambao, na jambo hili husahaulika, uliweka matumaini yake kwenye nyuklia. Wananchi waliupinga kwa miaka kadhaa, hadi Machi 1985 Bunge lilipoiondoa nyuklia katika mipango ya nchi. Mwaka huohuo kampuni za umeme, ambazo hazikuwa na hamu kubwa na upepo, zilikubaliana na serikali kujenga megawati 100.

Hivyo ndivyo tunavyofika Vindeby, karibu na kisiwa cha Lolland, mwaka 1991: mitambo 11 ya kilowati 450 kila mmoja, shamba la kwanza la upepo baharini duniani. Jumla yake haikufika megawati 5. Leo mtambo mmoja mkubwa wa baharini huzidi kiasi hicho. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelijenga kwa kutafuta faida. Lilikuwa jaribio, na gharama ya kujifunza ilibebwa na jamii nzima.

Baada ya hapo ikafuata kazi isiyopigiwa makofi. Kamati za serikali zilikaa na ramani za bahari zikipima kina, njia za meli, maeneo ya uvuvi, makazi ya ndege na mahitaji ya jeshi, ili kujua wapi pajengwe na wapi paachwe. Wananchi nao hawakuachwa nje. Shamba la Middelgrunden, mbele ya jiji la Copenhagen, lilipendekezwa kwanza kuwa na mitambo 27 katika safu tatu. Baada ya watu kutoa maoni, ikabaki 20 katika mstari mmoja uliopinda. Lilipokamilika mwaka 2000, nusu yake ilimilikiwa na ushirika wenye wanachama zaidi ya 8,000. Mtu hulalamika kidogo kuhusu mtambo unaoharibu mandhari yake iwapo ana hisa ndani yake.

Lakini nisiipambe Denmark kupita kiasi. Mwaka 1998 serikali iliziagiza kampuni za umeme kujenga mashamba matano makubwa, jumla ya megawati 750. Serikali mpya ilipoingia madarakani mwishoni mwa 2001, ikafuta matatu. Yaliyosalia, Horns Rev na Nysted, yalikamilika 2002 na 2003, na baada ya hapo hakuna shamba kubwa lililoongezwa hadi 2009. Upepo wa Bahari ya Kaskazini haukupungua hata siku moja katika miaka hiyo.

Zabuni nazo zina somo lake. Ile ya Anholt, mwaka 2010, ilikuwa na ratiba ya kubana na adhabu kali, ikapata mwombaji mmoja tu: øre 105.1 kwa uniti. Mwaka 2016, kwa shamba la Kriegers Flak, mshindi aliomba øre 37.2. Teknolojia ilikuwa imekua, hilo ni kweli. Lakini pia masharti yalikuwa yamelegezwa, na mwekezaji aliondolewa mzigo wa kukisia: uchunguzi wa sakafu ya bahari ulifanywa kabla, na shirika la gridi la umma lilibeba jukumu la kupeleka umeme nchi kavu.

Kuhusu nyaya, Kenya inaweza kutoa ushahidi. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana, iliyotengenezwa na kampuni ya Vestas ya hukohuko Denmark, ilikuwa imesimama mwaka 2017. Njia ya umeme ya kilomita 428 hadi Suswa, iliyokuwa jukumu la serikali, ilikamilika Septemba 2018. Katikati ya tarehe hizo upepo wa Loiyangalani ulivuma bure, na serikali ikawajibika kulipa fidia ya ucheleweshaji.

Nilimwachia mwanafunzi wangu tarehe moja ya mwisho. Tarehe 5 Desemba 2024, Denmark ilifunga zabuni ya gigawati 3 katika Bahari ya Kaskazini. Safari hii haikutoa ruzuku. Mjenzi alitakiwa kugharimia mwenyewe nyaya za kumfikisha kwenye gridi, na kuipa serikali hisa ya asilimia 20. Hakuna kampuni hata moja iliyoomba. Mwezi Mei 2025 wanasiasa wakarudi mezani na kukubaliana kutenga hadi kroni bilioni 55.2 za ruzuku.