Msumeno wa Duara: Kutoka Shimoni hadi Mkononi

Msumeno wa duara wa mkononi ni mashine ya kukatia mbao ambayo fundi huishika kwa mikono miwili na kuisukuma juu ya ubao. Kisahani cha chuma chenye meno huzungushwa na mota, nacho hutokeza chini ya kitako bapa kinachoteleza juu ya mbao. Kisahani cha kawaida kina kipenyo cha milimita 184 na huzunguka takriban mara 5,000 kwa dakika, maana yake kila jino hukimbia karibu kilometa 170 kwa saa. Mashine yenyewe ina umri wa miaka mia moja hivi. Hatari zake zilianza mapema zaidi, na karibu kila kanuni ya kuitumia kwa usalama inatokana na hatua fulani ambayo mashine ilichukua kazi iliyokuwa ya mkono.

Kabla ya mashine, magogo yalipasuliwa kwa nguvu za watu wawili. Gogo liliwekwa juu ya shimo au jukwaa la miti. Mmoja alisimama juu akifuata mstari uliochorwa, na mwenzake akavuta msumeno kutoka chini huku vumbi likimwangukia machoni. Ulaya ilijengwa hivyo kwa karne nyingi, na katika misitu ya Kenya na Tanzania upasuaji wa shimoni uliendelea hadi nyakati za karibuni. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Hata hivyo, msumeno ulikwenda kwa nguvu za wapasuaji wenyewe: ulipobanwa na mti, ulisimama, na mikono ilipochoka, nao ulitulia.

Msumeno wa duara ulikata uhusiano huo. Mwaka 1777 Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, alipata hataza ya mashine ya kupasulia mbao iliyoendeshwa kwa kinu cha upepo. Hataza hiyo inautaja msumeno wa duara kama kitu kilichokwisha kujulikana, kwa hiyo si haki kumhesabu Miller kuwa mvumbuzi wake. Mjini humo humo Walter Taylor alitumia misumeno ya namna hiyo kutengeneza makapi ya kupitishia kamba za merikebu za kivita. Merikebu kubwa moja ilihitaji makapi karibu elfu moja, na mkono peke yake haukuweza kutosheleza mahitaji hayo. Tangu 1803 mhandisi Marc Brunel, akisaidiana na Samuel Bentham na fundi vyuma Henry Maudslay, aliweka katika gati la kijeshi la Portsmouth mashine zilizoendeshwa kwa mvuke, na kufikia 1808 karakana hiyo ilitoa makapi 130,000 kwa mwaka.

Nchini Marekani kuna simulizi nyingine. Washaker, jumuiya ya Kikristo iliyosifika kwa useremala, husema kwamba Tabitha Babbitt, mwenzao aliyeishi Harvard, Massachusetts, alibuni msumeno wa duara mnamo 1813. Inasemekana aliwatazama wapasuaji akaona kuwa msumeno wao hukata ukienda upande mmoja tu, na safari ya kurudi hupotea bure. Babbitt hakuacha hataza, na Southampton ilikwisha tangulia, lakini simulizi hiyo inaeleza faida ya duara kwa usahihi kuliko vitabu vingi: meno hayana safari ya kurudi. Faida hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Meno yasiyopumzika, yanayosukumwa na maji au mvuke, hayatofautishi mbao na kidole.

Sheria ilichelewa kufika. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1844 ilianza kudai mitambo izungushiwe vizuizi, lakini ililenga hasa viwanda vya nguo. Maseremala walingoja hadi mwaka 1922, zilipotolewa Kanuni za Mashine za Useremala. Kanuni hizo zilitaka msumeno wa duara wa mezani ufunikwe juu, sehemu iliyo chini ya meza izibwe kwa mabamba ya chuma, na nyuma ya kisahani kisimamishwe kipande chembamba cha chuma cha kuutanua mkato ili mbao isiubane msumeno. Kipande hicho ni kitu kidogo mno machoni, na huenda kimeokoa mikono mingi kuliko kifuniko kikubwa cha juu, kwa kuwa huzuia ajali isianze.

Msumeno wa mezani umefungwa mahali pamoja na mbao hupelekwa kwake, hivyo vikinga vyake vinaweza kukazwa kwa skrubu. Mambo yalibadilika mashine ilipoanza kuifuata mbao. Historia ya msumeno wa mkononi husimulia kwamba Edmond Michel wa New Orleans, mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliwaona wakata miwa wakihangaika na mapanga, akajaribu kutengeneza panga la mota. Kutoka miwa alihamia mbao. Joseph Sullivan alipopata habari zake, aliona thamani ya chombo hicho kwa wajenzi, na mwaka 1924 wawili hao wakaanzisha kampuni ya Michel Electric Handsaw, ambayo miaka miwili baadaye ilichukua jina la Skilsaw. Mwaka 1937 kampuni hiyo ilitoa Model 77, ambayo umbo lake bado linatambulika katika misumeno inayouzwa leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walipojenga mitaa mizima kwa haraka, kama Levittown ya New York kuanzia 1947, msumeno wa mkononi ulikwisha kuwa chombo cha kila siku kwenye jengo.

Tatizo jipya lilikuwa hili: meno hutokeza chini ya ubao, mahali ambapo macho ya fundi hayafiki. Suluhisho lake ni kifuniko cha chini chenye springi. Mbao yenyewe hukisukuma na kukifungua mkato unapoanza, na mara msumeno utokapo upande wa pili, springi hukirudisha kuyafunika meno. Sehemu hii ni bora kuliko nyingine zote katika mashine nzima, kwa sababu haimtegemei fundi kukumbuka lolote. Inategemea usafi tu: utomvu na vumbi vikigandamana kwenye egemeo lake, hukwama ikiwa wazi. Kuikagua kwa kidole kabla ya kuchomeka plagi hakuchukui hata dakika moja.

Kanuni nyingine zinaeleweka ukijua kisahani kinazunguka kuelekea wapi. Meno ya chini huenda mbele, kisha hupanda juu kupitia mbao. Ndiyo sababu uso mzuri wa ubao hulazwa chini: nyuzi huchanika upande wa juu, ambako meno hutokea. Na ndiyo sababu mkato ukifunga na kubana kisahani, nguvu yote ya mota humrudia fundi. Msumeno hupanda kutoka kwenye mkato na kuruka nyuma kabla mtu hajaweza kufikiri. Anayekata huku amesimama sawasawa nyuma ya mstari huupokea kwenye paja au tumbo, na aliyesimama kando kidogo huuona ukimpita.

Mkato hufunga kwa sababu zinazojulikana. Ubao ulioegemezwa ncha mbili na kukatwa katikati hulegea na kuuma kisahani, kwa hiyo kipande kitakachodondoka kinapaswa kuachwa huru, na kile kinachobaki kibanwe kwa klampu. Kisahani kilichopoteza makali huongeza joto na kumlazimisha mtu kusukuma kwa nguvu. Kisahani kilichoshushwa kupita kiasi huacha meno mengi wazi chini bila faida. Milimita chache kupita unene wa ubao zinatosha. Afrika Mashariki ina sababu yake ya ziada: misonobari na mikaratusi ya mashamba ya miti, kama yale ya Sao Hill wilayani Mufindi, mara nyingi hufika sokoni ingali mbichi, na mbao mbichi hujipinda na kujibana wakati ule ule inapokatwa. Kabari ndogo ikichomekwa kwenye mkato nyuma ya msumeno hufanya kazi ya kile kipande cha chuma cha mwaka 1922.

Umeme ulileta hatari ya aina yake. Mashine za mwanzo zilikuwa na miili ya chuma, na waya uliochunika ndani yake uliweza kupitisha shoti hadi mikononi. Miili ya plastiki yenye kinga mbili, inayotambulika kwa alama ya mraba ndani ya mraba, ilipunguza sana ajali hizo. Iliyobaki ni nidhamu ya waya: upite nyuma ya fundi, na plagi itolewe kabla ya kubadili kisahani. Mashine zilizotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 haziwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi za Afrika Mashariki zenye volti 230 au 240.

Tanganyika na Kenya zilipata Sheria za Viwanda mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zote zilirithiwa na sheria mpya za usalama na afya kazini, Tanzania mwaka 2003 na Kenya mwaka 2007. Ila useremala mwingi unafanyika kwenye vibanda vya barabarani na maeneo ya ujenzi, ambako mkaguzi hafiki mara kwa mara. Huko kifuniko cha chini hufungwa kwa waya kisimsumbue fundi, au kisahani chenye meno hufungwa kwenye grainda. Mazoea ya pili ni mabaya zaidi. Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, kikinga chake ni cha jiwe la kusagia, na haina kitako cha kuituliza juu ya ubao. Meno yakinasa, hakuna kinachoizuia kuruka usoni.

Hatari iliyochelewa kutambuliwa kuliko zote haitoki kwenye meno. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waligundua kwamba saratani ya ndani ya pua, ugonjwa adimu sana, iliwapata kupita kiasi watengenezaji samani wa eneo la High Wycombe. Mwaka 1995 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua hata bila kungoja miaka. Kwa hiyo barakoa inayobana vizuri, mfuko wa kukusanyia vumbi na kukata mahali penye upepo vimeingia katika orodha ile ile ya miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio.