Jazi, heroini na imani potofu

Tarehe 12 mwezi Machi mwaka 1955, mpiga saksafoni Charlie Parker alifariki dunia mjini New York, katika makazi ya rafiki yake hotelini. Daktari aliyeuona mwili wake alikadiria kwamba marehemu alikuwa na umri wa kati ya miaka 50 na 60. Kumbe alikuwa na miaka 34.

Parker, mzaliwa wa Kansas City, alikuwa mraibu wa heroini tangu ujana wake. Katikati ya miaka ya 1940, yeye na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie walikuwa mstari wa mbele kuasisi mtindo wa jazi uitwao bebop, wenye kasi na ufundi uliowashangaza hata wanamuziki wenzao.

Vijana waliomhusudu waliiga muziki wake, na baadhi yao wakaiga na sindano yake, wakiamini kwamba heroini ndiyo siri ya kipaji hicho. Parker mwenyewe aliikana dhana hiyo na kuwaonya. Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila hapa mkuu mwenyewe alikuwa amekwisha kuvunjika. Miongoni mwa wanamuziki wa kizazi hicho walionaswa na uraibu ni Miles Davis, Sonny Rollins na John Coltrane.

Hata hivyo, ushahidi dhidi ya imani hiyo ulikuwa mbele ya macho yao. Gillespie, aliyesimama jukwaani bega kwa bega na Parker, aliepukana na heroini na akaishi hadi mwaka 1993. Davis aliiacha mwaka 1954. Rollins alitibiwa mwaka 1955 huko Lexington, Kentucky, katika hospitali ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1935 kwa ajili ya waraibu, na mwaka uliofuata akarekodi Saxophone Colossus, mojawapo ya kazi zake zinazosifiwa sana. Coltrane aliacha mwaka 1957, na mwishoni mwa 1964 akarekodi A Love Supreme kama shukrani kwa Mwenyezi Mungu.

Sheria nayo iliwaadhibu waraibu mahali pa kuwatibu. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1967, mwanamuziki wa New York hakuruhusiwa kufanya kazi katika vilabu vya pombe bila kibali cha polisi, na kesi ya dawa za kulevya ilitosha kumnyima kibali hicho. Mwimbaji Billie Holiday alifungwa mwaka 1947. Alipotoka mwaka 1948 aliujaza ukumbi wa Carnegie Hall, lakini milango ya vilabu vya mji huo ilikuwa imefungwa kwake. Mwaka 1959, akiwa mgonjwa mahututi hospitalini, polisi walimkamata kitandani. Alifariki dunia tarehe 17 mwezi Julai, akiwa na umri wa miaka 44.

Siri ya ufundi wa Parker haikuwa imefichwa. Katika mahojiano ya redio ya mwaka 1954, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alieleza kwamba ujanani alifanya mazoezi kwa saa 11 hadi 15 kila siku, kwa muda wa miaka mitatu au minne.