Urasimishaji wa Ujuzi: Njia ya Fundi Mzoefu Kupata Cheti

Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe mkoani Mwanza, ina mafundi wengi waliojifunza kazi nje ya darasa: mwashi aliyeanza kwa kuchanganya zege, seremala aliyefundishwa na mjomba wake, fundi wa injini za mitumbwi aliyejifunzia mwaloni. Kisiwani kazi zao zinawatambulisha. Ugumu hujitokeza fundi anapovuka ziwa kutafuta kazi Mwanza mjini, ambako mwajiri asiyemfahamu hudai cheti.

Urasimishaji wa ujuzi ni utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Unatekelezwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 1994. Aidha, Serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, iliuweka miongoni mwa maeneo ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi iliyoanza mwaka wa fedha 2016/17, pamoja na mafunzo ya uanagenzi na ya uzoefu kazini.

Utaratibu huanza kwa fundi kuomba na kueleza kazi alizokwisha kufanya. Wataalamu humhoji ili kubaini anachokimudu na anachopungukiwa. Mwenye upungufu hupewa mafunzo mafupi ya kuuziba; kwa mfano, mwashi hodari wa kupanga tofali anaweza kuhitaji kujifunza kusoma ramani au kanuni za usalama kazini. Baada ya hapo hupimwa kwa vitendo na kwa maswali kwa kuzingatia viwango vya fani yake. Anayefaulu hutunukiwa cheti.

Ni vyema ieleweke kwamba cheti hiki hakitolewi kwa wingi wa miaka kazini, wala si cheti cha kuhudhuria mafunzo. Kinachopimwa ni umahiri. Hapo ndipo thamani yake ilipo, kwani mwajiri anayekipokea hana njia nyingine ya kumjua fundi.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni ngazi. Katika majaribio ya ufundi ya zamani, daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza la juu. Katika mfumo wa sasa ngazi ya kwanza ndiyo ya mwanzo, na mhitimu hupanda kwenda ya pili na ya tatu. Hivyo, fundi aliyepata cheti anaweza kuendelea na masomo badala ya kuanza upya.

Fundi mwenye nia anashauriwa kufika katika chuo cha VETA kilicho karibu naye na kuuliza fani zinazopimwa, ratiba, gharama na iwapo ipo awamu inayofadhiliwa na Serikali. Ni busara pia kuanza mapema kutunza picha za kazi alizofanya, mikataba na barua za wateja, kwa kuwa kumbukumbu hizo humsaidia kuthibitisha uzoefu wake.