Kiswahili cha Mtihani, Kinande cha Raia: Lugha na Utawala wa Kibelgiji katika Eneo la Beni na Butembo

Kila serikali ya kikoloni ilikabiliwa na swali hili: je, mtawala aijue lugha ya anayemtawala? Kule Hong Kong, Waingereza walianza mwaka 1862 kuwaleta vijana waliotakiwa kujifunza Kichina na kukifanyia mtihani. Mjini Berlin, Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa mwaka 1887 ilifundisha Kichina na Kiswahili pamoja. Nchini Kenya na Tanganyika, afisa wa Kiingereza alipaswa kufaulu mtihani wa Kiswahili.

Ubelgiji nayo, katika chuo cha kikoloni kilichoanzishwa Antwerp mwaka 1920, iliwafundisha watawala wa baadaye wa Kongo lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Hoja ya makala haya ni kwamba, katika eneo la Beni na Butembo, kukijua Kiswahili hakukuwa sawa na kuijua lugha ya raia.

Sababu ni mbili. Kwanza, Kiswahili kilichofika huku kilipitia Manyema, pamoja na waungwana waliofuatana na wafanyabiashara wa karne ya 19. Ndipo kikaitwa Kingwana. Aliyefunzwa kusema “watu” alikuta wenyeji wakisema “batu”. Pili, na hili ni zito zaidi, wakulima wengi wa milimani walikuwa Wanande, na lugha yao ilikuwa Kinande. Kiswahili kilikuwa lugha ya boma, ya soko na ya kambi ya kazi.

Hivyo, shauri la shamba au la kodi lilipofika mbele ya afisa, mwanakijiji asiyejua Kiswahili alijieleza kwa Kinande, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, na afisa akaandika kwa Kifaransa. Aidha, sheria ya mwaka 1908 iliagiza amri za jumla zichapishwe kwa Kifaransa na Kiflemi. Maneno ya raia yalivuka mito miwili kabla ya kuwa hati, na aliyeshika kasia ni mkalimani.

Jambo hili si la zamani tu. Mtafiti anayechunguza haki za ardhi kwa kutegemea hati hizo anasoma tafsiri ya tafsiri. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, kumbukumbu za wazee wa Beni na Butembo bado zimo katika Kinande. Yafaa zikusanywe na kulinganishwa na hati, wazee wangali hai.