Kataliko na Mawe ya Barabara

Kila tarehe 19 Juni, wafanyakazi wa visima vya mafuta nchini Trinidad hukusanyika Fyzabad kumkumbuka Tubal Uriah Butler, aliyeongoza mgomo wa mwaka 1937. Siku hiyo nchi nzima hupumzika, na moja ya barabara zake kuu ina jina la Butler. Ukiuliza mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, ni nani aliyewakusanya watu wakafanya kazi bega kwa bega, hutatajiwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Utatajiwa askofu.

Butembo ilikua wakati wa ukoloni kando ya kambi ya kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, na wachimbaji wake hawakuwa na neno juu ya mshahara wala masharti ya kazi. Baadaye wakaja wafanyabiashara wa kabila la Wayira, waliopeleka mboga na kahawa mbali na kurudi na bidhaa, wakaujenga mji ambao Kinshasa iliukumbuka siku ya kodi tu.

Askofu huyo, Emmanuel Kataliko, mtoto wa eneo hilo, alizaliwa mwaka 1932 na kupadirishwa mwaka 1958. Mwaka 1966 alipokea jimbo la huko kutoka kwa Henri Piérard, Mbelgiji wa shirika la Waasumpsio, akawa askofu wa kwanza mwenyeji. Aliliongoza kwa miaka 31. Serikali ya Rais Mobutu ilikuwa na salongo yake, kazi ya lazima ya pamoja, na watu waliifahamu vizuri: unaitwa, unasimamiwa, unarudi nyumbani ukinung'unika. Kataliko naye aliita watu watoke na majembe kutengeneza barabara, lakini mwito ulipitia parokia, na aliyefukia shimo alijua kwamba maharagwe yake mwenyewe ndiyo yatakayopita hapo kabla hayajaoza. Matajiri nao aliwabana wawekeze nyumbani. Mwaka 1989 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, ili kijana wa Lubero au Beni asilazimike kwenda Kisangani au Kinshasa kutafuta shahada.

Mwaka 1997 alihamishiwa Bukavu kuwa askofu mkuu, kwenye kiti cha Christophe Munzihirwa aliyeuawa Oktoba 1996. Hapo sauti yake ikawa nzito zaidi. Ujumbe wake wa Noeli ya 1999 uliwataja bila kuficha watu wa nje na wa ndani waliokuwa wakiinyonya nchi. Mwanzoni mwa mwaka 2000 Bukavu ikagoma, na waasi wa RCD-Goma, waliokuwa wakiutawala mji huo, wakamtupia askofu lawama. Februari 12 wakamzuia kurudi jimboni kwake na kumpeleka uhamishoni Butembo. Ilikuwa adhabu ya ajabu, kumfukuza mtu kwa kumrudisha kwao! Alirudi Bukavu Septemba 14, na Oktoba 4 akafariki dunia huko Roma.

Je, Butembo inautunzaje urithi wake? Chuo kipo, na kliniki zake zipo. Lakini urithi wa aina hii hauna ulinzi wa sanamu. Aprili 2019, wakati wa Ebola, Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo hicho hicho. Upande wa Beni, mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 yamewatoa watu mashambani na kuifanya barabara ya kupeleka mazao sokoni kuwa njia ya hofu. Padri Vincent Machozi, aliyekuwa akiandika na kusambaza habari za mauaji hayo, aliuawa Machi 2016 karibu na Butembo.

Kuna pengo jingine, nalo halisababishwi na bunduki. Butler anakumbukwa pamoja na wenzake kwa sababu chama cha wafanyakazi wa mafuta, OWTU, bado kipo na kinaandaa maadhimisho. Kwa Kataliko tunalo jina la aliyeita, hatuna majina ya walioitikia. Wengi wao ni wazee sasa, au wameshatangulia. Nafikiri kazi ya kwanza ni ya wanafunzi wa Graben wenyewe, waliolelewa na mabibi na mababu wa Oicha, Mangina na Lubero. Wawarekodi kwa simu zao: mawe yalitoka mto gani, nani alipika siku ya kazi, mfanyabiashara gani alitoa lori na yupi alijificha, na nani alikataa kutoka, kwa sababu gani.