Usumbura na Bujumbura: Mji Mmoja, Majina Mawili

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza kwamba aulizaye hana budi kulijua jina la yule amtafutaye, ama sivyo atabisha hodi mlangoni pa mtu mwingine. Jambo hili tumelipata katika kazi yetu wenyewe, sisi tunaotunza vitabu katika maktaba ndogo ya mtaani hapa Bujumbura. Twapenda kuwasimulia walimu wenzetu jinsi tulivyolipata, kwa kuwa ndani yake mna somo la historia na la lugha pia.

Walitujia wanafunzi wawili wa sekondari na kazi waliyopewa na mwalimu wao: waeleze habari za mji wao kabla ya Uhuru. Vitabu tulivyo navyo rafuni ni vichache. Basi tukaiwasha kompyuta, tukaingia katika maktaba za ng'ambo ambazo siku hizi zimeviweka vitabu vyake vya kale katika mtandao, tukaandika neno Bujumbura. Zilitoka habari nyingi za mwaka 1962 na za miaka iliyofuata. Za nyuma ya hapo hazikuwapo ila chache mno. Pembeni ameketi mzee mmoja wa Buyenzi ambaye huja kila asubuhi kusoma magazeti. Alitutazama tukihangaika, akacheka, akasema: "Wajukuu zangu, mnamtafuta mtu kwa jina la ukubwani, na habari mzitakazo ni za utotoni mwake. Andikeni Usumbura."

Tukaandika Usumbura. Hapo mlango ukafunguka.

Yafaa kwanza tulieleze jina lenyewe. Mwalimu yeyote wa Kiswahili ajuaye Kirundi kidogo ataona kuwa silabi *bu-* ya Kirundi, mara nyingi, ndiyo *u-* ya Kiswahili. Mrundi husema *ubugari*, nasi twasema ugali; yeye husema *ubuzima*, nasi twasema uzima. Ni mwanzo ule ule wa ngeli moja ya lugha za Kibantu, ila Kiswahili kimeiacha sauti ya *b* njiani. Misafara ya watu wa pwani ilipofika katika nchi za Maziwa Makuu katika karne ya 19, ilizitaja nchi hizo kwa ulimi wa Kiswahili: Buganda ikawa Uganda, Buha ikawa Uha, Burundi ikawa Urundi, na watu wake, Abarundi, wakaitwa Warundi. Rwanda haikuguswa na mabadiliko hayo kwa kuwa jina lake halikuanza kwa *bu-*. Ndiyo maana Wabelgiji walipoziunganisha nchi hizi mbili katika utawala mmoja waliziita Ruanda-Urundi, jina ambalo nusu yake ni ya wenyeji na nusu yake imepita kinywani mwa Waswahili.

Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vinathibitisha haya. Burton na Speke walifika Uvira, ng'ambo ya pili ya ziwa, mwaka 1858, na Burton aliandika habari za safari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1860. Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji mwezi Novemba 1871 ili wajue kama mto Rusizi huingia katika ziwa Tanganyika au hutoka humo. Wakaona kuwa huingia. Hata leo, huko Mugere, kilomita chache kusini mwa Bujumbura, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Katika vitabu vya wasafiri hawa twasoma Urundi, Warundi, Uha. Waliandika kama walivyosikia, na waliowasikilizisha ni wapagazi, viongozi wa njia na wakalimani waliosema Kiswahili. Mmoja wao, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa na Burton na Speke katika safari ile ya 1858. Kwa hiyo ramani zilizochorwa Ulaya zilikuwa na mkono wa Mzungu na sikio la Mswahili.

Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi penye ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1897, walikiita Usumbura. Wabelgiji walipouteka mji mwezi Juni 1916, hawakulibadilisha jina. Kati ya mambo ya ajabu tuliyoyaona katika mtandao ni picha za stempu za wakati huo. Stempu za Kongo ya Kibelgiji zilipigwa chapa ya neno URUNDI mwaka 1916, na mwaka 1924 zikapigwa chapa ya RUANDA-URUNDI. Kisha, mwaka 1962, stempu nzuri za maua za Ruanda-Urundi zikapigwa chapa mpya kwa Kifaransa yenye maana ya Ufalme wa Burundi. Tarehe 1 Julai 1962 nchi ilipata uhuru, na mji wake mkuu ukaitwa Bujumbura. Hivi vipande vidogo vya karatasi, ambavyo watu hulamba na kubandika bila kufikiri, vimehifadhi safari nzima ya jina.

Wanafunzi wetu walifurahi sana kwa stempu hizo. Lakini mmoja wao, mtoto wa Buyenzi, alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Basi sisi wa Buyenzi ni wenyeji au ni wageni?" Twakiri kuwa swali hilo lilitupata bila kujiandaa. Si swali la darasani tu. Katika Kirundi neno *umuswahili* halimtaji msema Kiswahili peke yake. Mara nyingine hutumika kwa mtu mjanja, mwongo, asiyeaminika. Mtoto wa mtaa ule hulisikia neno hilo sokoni na shuleni, naye hana budi kujiuliza mahali pake ni wapi.

Kumjibu kwa haki yatupasa tuseme yote mawili, machungu na matamu. Ni kweli kwamba miongoni mwa waliofika ziwani kutoka pwani walikuwamo wafanya biashara ya watumwa. Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu Ujiji, na watu wake walizishambulia pwani za kaskazini za ziwa katika miaka ya 1880. Ufalme wa Burundi chini ya Mwezi Gisabo uliwazuia wasipande milimani. Kumbukumbu hiyo haikufutika, na hatuna haki ya kuificha.

Lakini ni kweli vilevile kwamba waliojenga mitaa ya Usumbura si jeshi la Rumaliza. Walikuwa watu wa Ujiji na wa Manyema, wachukuzi, askari, mafundi, wavuvi, wachuuzi, pamoja na Warundi walioshuka kutoka milimani kutafuta kazi, wakaishi pamoja na kuizoea lugha moja ya mji. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza sehemu zao za bandari katika Dar es Salaam na Kigoma. Bidhaa za Usumbura zilipita njia hiyo: baharini, relini, kisha ziwani. Pamoja na sukari na sabuni ilipita lugha.

Na hapa hatuhitaji kompyuta wala nyaraka. Tuwaulize akina mama wa Kirundi nyumbani mwao vitu vinaitwaje. Sukari ni *isukari*, sabuni ni *isabuni*, dirisha ni *idirisha*, meza ni *imeza*, kalamu ni *ikaramu*, kitabu ni *igitabo*, saa ni *isaha*, soko ni *isoko*. Hata *ishule*, neno lililotoka kwa Wajerumani, limepita kwanza katika Kiswahili. Mtu amwitaye jirani yake mgeni kwa sababu ya lugha yake hulala ndani ya nyumba yenye dirisha la lugha hiyo na huoga kwa sabuni yake. Hatusemi haya kwa kejeli. Twasema tu kwamba lugha za majirani hukopeshana kama majirani wenyewe wakopeshanavyo chumvi.

Tena historia ya Uhuru ina jibu lake. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alipoanza kazi ya siasa hakujifungia katika majumba ya wakubwa. Alianzisha ushirika wa wafanya biashara, akatafuta watu wake pia katika mitaa ya Waswahili ya Usumbura, na mitaa hiyo ikawa miongoni mwa nguzo za chama cha UPRONA. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961 chama hicho kilipata viti 58 kati ya 64. Rwagasore aliuawa kwa risasi mjini humu humu tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya kuuona Uhuru. Basi mtoto wa Buyenzi aweza kujibu bila kuona haya: baba zetu walikuwapo.

Tulipozidi kutafuta tulikuta jambo jingine la kustaajabisha. Utafiti mpana juu ya Waislamu wa Usumbura, tangu 1897 hadi 1962, ulikamilishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Ghent na mwanahistoria Geert Castryck. Umeandikwa kwa Kiholanzi. Twamshukuru mtafiti huyo, ambaye baadaye ameandika pia kwa Kiingereza. Hata hivyo mzee wetu wa magazeti aliposikia alitikisa kichwa, akauliza kama mjukuu wake sasa atalazimika kujifunza Kiholanzi ili amjue babu yake.

Swali lake ni la mzaha, lakini lina uzito. Nyaraka za Wajerumani na za Wabelgiji hutuambia habari za maofisa, kodi na mipaka. Ripoti za Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ambalo tangu 1948 lilituma ujumbe kuzuru Ruanda-Urundi, hutuambia habari za katiba na madai. Maisha ya kila siku hayamo, au yamo kwa kupita tu. Mtaa wa Buyenzi una barabara zinazoitwa kwa namba, na mwenyeji akikuambia namba ya barabara yake amekwisha kukuambia msikiti anaosali na fundi anayemtengenezea gari. Upo mto Ntahangwa, ambao kila masika hula kingo zake. Lipo soko la Ruvumera, ambalo lilizidi kujaa watu baada ya Soko Kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Zipo ndagala zinazoanikwa juani, na mikeke inayochomwa jioni. Nani aliwahi kuyaandika haya kwa lugha ya wenyewe?

Wapo waliofanya hivyo mahali pengine, na ugunduzi huu ndio uliotupa moyo kuliko wote. Katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav aliandika mwaka 1965, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani, historia ya mji wao. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, kama kisemwavyo mtaani. Wapishi na maboi walieleza jinsi walivyouona ukoloni kutoka jikoni. Kazi hiyo ilichapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, na baadaye ikawekwa katika mtandao pamoja na maandiko mengine ya Kiswahili cha watu wa kawaida. Mwanzishi wake hakuwa profesa. Alikuwa na kalamu, na alikuwa na wenzake wa kuwauliza.

Walimu wenzetu, twaona kuwa kazi hii iko mikononi mwetu. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kiswahili hufundishwa katika shule zetu. Mara nyingi twakifundisha kana kwamba ni lugha iliyoingia jana kwa gari la Jumuiya, na wanafunzi wa Buyenzi husahihishwa Kiswahili chao kana kwamba hawana. Tuwasahihishe inapobidi, kwa kuwa sanifu ina kazi yake. Lakini kwanza tuwatume nyumbani wakaulize. Kila mwanafunzi amhoji mzee mmoja: alifika lini, kwa chombo gani, barabara hiyo ilikuwaje, ugali wa sherehe ulipikwa na nani. Ayaandike maneno kama yalivyosemwa, aweke jina la mtaa na mwaka. Na juu ya karatasi aandike majina yote mawili, Usumbura na Bujumbura, ili atakayetafuta kesho asikwame kama sisi.

Wanafunzi wale wawili waliimaliza kazi yao kwa siku nne. Ukurasa wa mwisho hawakuutoa katika kitabu chochote wala katika mtandao. Waliketi na mzee pale pale mezani, gazeti likiwa limekunjwa, naye akaanza kuwahesabia barabara za Buyenzi moja baada ya nyingine, na watu waliokuwa wakikaa humo. Umeme ulikatika alipofika barabara ya tisa. Hakunyamaza, nao waliendelea kuandika karibu na dirisha.