Leso na kazi ya kulazimishwa: kinga katika biashara ya Biashara Street, Mombasa

Biashara Street ni mtaa wa maduka ya nguo katika kisiwa cha Mombasa, magharibi ya Digo Road, mwendo mfupi kutoka Mji wa Kale. Umaarufu wake ni leso, iitwayo khanga kwingineko, pamoja na vikoi na vitambaa vya kukatwa kwenye jora. Leso nyingi za hapa huchapishwa India, na Jetpur, katika jimbo la Gujarat, ni miongoni mwa miji inayohudumia soko la Afrika Mashariki. Utumwa wa kisasa unaweza kuufikia mtaa huu kupitia pamba na viwanda vya ng'ambo, au kupitia kazi inayofanywa barazani na nyuma ya duka. Makala hii inashikilia kwamba kinga yenye nguvu zaidi imo mikononi mwa anayeagiza mzigo: bei anayoidai, muda anaoutoa, na maswali anayouliza kabla ya kulipa arubuni. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Huko Unguja wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha kuwa watumwa, wakajifunga khanga. Nguo yenye historia hiyo inastahili kuulizwa imetengenezwa na nani, na kwa ujira gani.

Shirika la Kazi Duniani na washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa. Kinachowashika wengi ni deni la kutafutiwa kazi, kitambulisho kilichofungiwa kabatini mwa tajiri, au mshahara unaocheleweshwa makusudi ili mtu asithubutu kuondoka. Katika nguo, mfano unaojulikana sana ni viwanda vya uzi vya Tamil Nadu, kusini mwa India. Chini ya mpango ulioitwa Sumangali, wasichana wa familia maskini waliajiriwa kwa takriban miaka 3, wakaishi katika mabweni ya kiwanda, na sehemu ya ujira wao ikawekwa hadi mwisho wa mkataba kwa ahadi kwamba itawafaa watakapoolewa. Aliyeugua au kuondoka mapema alikuwa katika hatari ya kuikosa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2011 na SOMO, shirika la utafiti la Uholanzi, pamoja na mshirika wake, ilionyesha viwanda vya aina hiyo vikihudumia kampuni kubwa za mavazi za Ulaya na Marekani. Mfano huu haulituhumu duka lolote la Mombasa. Unaonyesha mahali ambapo dhuluma hujificha: muuzaji anamjua mchapishaji, mchapishaji anamjua mfumaji, na aliyesokota uzi hajulikani na yeyote.

Husemwa kwamba duka dogo halina ubavu wa kukihoji kiwanda cha ng'ambo. Pingamizi hili lina uzito, lakini biashara ya leso yenyewe inalipunguza. Leso za Kaderdina Hajee Essak, kampuni ya mtaa huu iliyoanza mwaka 1887, huchapwa ukingoni maneno “Mali ya Abdulla”, na wapo wanunuzi wanaofunua doti na kuitafuta alama hiyo kabla hawajauliza bei. Kwa zaidi ya karne moja waagizaji wamedai, tena wakapata, mchoro usioigwa, rangi isiyochuja na jina lisilokosewa hata herufi moja. Agizo linaloweza kusimamia herufi za jina linaweza pia kutaka kiwanda cha uzi kitajwe, na kutaka ahadi ya maandishi kwamba mfanyakazi hatozwi ada ya kuajiriwa.

Tena wanunuzi wakishikana, hata serikali husikia. Kwa miaka mingi Uzbekistan iliwapeleka walimu, wauguzi na wanafunzi kuchuma pamba kwa lazima. Kampuni zaidi ya 300 ziliapa kutoinunua, na kampeni hiyo ikaondolewa Machi 2022, baada ya mavuno ya 2021 kuonekana hayana tena ulazimishaji wa kimfumo wa serikali. Nyingi zilikuwa kampuni kubwa kuliko duka lolote la Mombasa, ndiyo, ila waagizaji wanaotumia wachapishaji walewale wanaweza nao kuweka sharti moja.

Wengine huhofia kwamba leso itapanda bei na mzigo umwangukie mama anayenunua doti kwa ajili ya harusi. Lakini mengi yanayomkandamiza mfanyakazi hayahusu bei ya rafuni. Mzigo wa Ramadhani ukiagizwa kwa kuchelewa, kiwanda hulipa pengo hilo kwa zamu za usiku. Malipo yakikawizwa, mshahara nao hukawia. Kuagiza mapema na kulipa kwa wakati kunamtaka mwagizaji awe na mpango na mtaji uliotayarishwa, na mteja wa dukani hatozwi zaidi kwa hilo.

Hapa nyumbani, kifungu cha 30 cha Katiba ya 2010 kinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na sheria ya mwaka huohuo dhidi ya usafirishaji haramu wa watu inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Fundi cherehani anayepinda leso barazani kwa malipo ya kila kipande si mtumwa, wala hamali wa mkokoteni, hata kama ujira wao ni duni. Kulichanganya neno hili na umaskini ni kulipunguzia makali. Tajiri anapoweka kitambulisho cha msaidizi aliyeletwa kutoka kijijini, akamkata nauli na chakula hadi deni lisiishe, hapo mpaka umevukwa, awe dukani au jikoni kwake.

Dhuluma ikigundulika kiwandani, kukata uhusiano siku hiyohiyo humtupa nje yule aliyedhulumiwa, pamoja na deni lake. Mwagizaji afadhali atoe muda unaojulikana, atake ada zilizotozwa zirudishwe kwa wafanyakazi wenyewe, na aondoke tu iwapo mwenye kiwanda atakataa.